Kiswahili cha Sixbert

Kabla ya kiharusi, Sixbert alikuwa mtu wa maneno. Si kwamba alisoma sana. Darasa la saba lilimtosha na hakuna aliyemsikia akililia la nane. Lakini siku ya mnada wa ng'ombe hapakuwa na dalali wa kumfikia kwa Kiswahili. Alikuwa na Kiswahili cha kumpamba mnunuzi, na cha kumbembeleza muuzaji, na kingine kabisa cha kumtetea ng'ombe anayechechemea mbele ya watu wenye macho. Kiswahili hicho ndicho alichomtongozea Damari, binti wa Kigogo kutoka Kilimatinde, aliyekuwa amekuja Singida mjini kumsaidia mama yake mdogo aliyejifungua. Kinyaturu Damari hakujua hata salamu. Alikuja kukipata baadaye, jikoni kwa mama mkwe, kwa kukosolewa kila neno, na wifi yake Redempta amekaa pembeni anacheka.

Kiharusi kilipompiga kilimpoozesha upande wa kulia na kikaondoka na Kiswahili chake. Alipozinduka alikuwa anaongea, kwa kukokota lakini anaeleweka, ila ni Kinyaturu kitupu. Akijaribu Kiswahili midomo ilitafuta, ikatafuta, ikaambulia mate, naye akaghadhibika na kurudi kwenye lugha ya mama yake. Majirani wa mtaa wao wa Mandewa walikuja kumwona na kushika vichwa, maana dalali asiye na Kiswahili ni jambo la kusimulia. Damari aliumia kwa namna yake. Lugha aliyotongozewa ilikuwa imeondoka, ikabaki ile aliyofundishwa kwa kuchekwa.

Basi akawa mkalimani wa mume wake. Mhudumu wa afya wa mtaa wao, Dorkas, alikuwa mwenyeji wa Njombe aliyemfuata mume wake mwalimu, na Kinyaturu kwake kilikuwa mluzi tu. Alikuja Jumanne na Ijumaa. Alipima presha, alimwogesha mgonjwa akisaidiana na Damari, alikagua mgongo kama kuna kidonda kinachoanza. Aliuliza maswali yake kwa Kiswahili akimtazama Damari, Damari akayageuza Kinyaturu, Sixbert akajibu, Damari akarudisha jibu. Kazi ilikwenda hivyo na kila mtu akaridhika nayo.

Uongo wa kwanza ulikuwa wa bega. Dorkas alimfundisha Damari mapema kabisa jinsi ya kumgeuza mgonjwa: kunja magoti yake, mkono mmoja nyuma ya bega, mwingine nyuma ya nyonga, halafu umviringishe kwako pole pole. Mbele ya Dorkas, Damari alifanya hivyo hivyo, akasifiwa. Lakini asubuhi akiwa peke yake, shuka limelowa, uji unachemka jikoni na kuku wanapiga kelele za njaa mlangoni, ilikuwa habari nyingine. Sixbert alikuwa pande la mtu. Damari alikuwa mwembamba tangu usichana, na sasa miaka ilikuwa imempunguza tena. Ule mkono wa kulia, uliokufa, ndio uliokuwa karibu na ndio uliokamatika. Aliukamata akauvuta, mwili ukafuata.

Siku moja Dorkas alipouliza mzee ameamkaje, Sixbert alisema kwa Kinyaturu, akimtazama mke wake wala si mgeni: mwambie bega linaniuma, mwambie unanivuta mkono.

 Damari akamwambia Dorkas kwamba mzee ameamka salama, na anamshukuru kwa kuja.

Tumseme Damari, lakini tumseme na aliyemtia hofu. Redempta alikuja kila Jumapili baada ya Misa, na mayai kwenye kikapu na macho yanayohesabu vumbi. Hakuwa mwanamke mbaya. Sixbert alikuwa kaka yake pekee aliyebaki, na ndiye aliyemlea Redempta. Lakini tangu siku ya arusi hakuacha kumkumbusha Damari kwamba alitoka mbali, na sasa alileta salamu za ukoo wa kwao Ikungi, kwamba wazee wamekaa, wanauliza kama ndugu yao anatunzwa. Wakisikia hatunzwi watakuja na gari kumchukua. Watoto walikuwa mbali, Winfrida Mwanza na mwingine Tunduru, na sauti zao za simu zilikuwa na huruma nyingi zisizoweza kumgeuza mtu kitandani. Damari aliona wazi: akisema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba anamvunja mumewe bega, Dorkas atasikitika, mtaa utanong'ona, na ikifika Jumapili Redempta atakuwa na la kupeleka Ikungi. Atampoteza mume wake akiwa hai, na atabaki na jina baya.

Kwa hiyo alifunika. Na uongo ukizoeleka huwa hauna tabu. Damari, ambaye Kinyaturu chake kilichekwa miaka yote, aligeuka fundi. Sixbert akisema uji umeungua, Damari alifasiri kwamba anaomba sukari ipungue. Sixbert akisema anataka kutolewa nje aone watu, Damari alifasiri kwamba mwanga unamsumbua. Bega alilitaja tena na tena, na kila alipolitaja Dorkas aliambiwa salamu nzuri. Mara nyingine Damari mwenyewe alicheka moyoni, kisha akaona aibu, kisha akaenda kuosha vyombo kwa nguvu hadi masufuria yakalia.

Wala usidhani alikuwa hajali. Alimpaka mafuta ya alizeti miguuni. Alimsagia karanga za kutia kwenye mlenda, kwa sababu mlenda uliteleza vizuri kwenye koo lake gumu. Alimnyoa. Lakini kesho yake asubuhi shuka lilikuwa limelowa tena, na mkono ulikuwa pale pale.

Kosa kubwa alilitenda Ijumaa moja, tena bila kujua kama ni kosa. Usingizi ulikuwa umemkimbia siku nyingi. Macho yalikuwa yamemwiva. Yeye na Dorkas walikuwa wanabadilisha shuka, mmoja upande huu wa kitanda, mmoja upande ule, Sixbert katikati yao akitazama mabati. Dorkas akamuuliza kama yeye mwenyewe analala.

Hilo lilikuwa swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza. Watu wote waliuliza mzee anaendeleaje. Damari akasema, kwa Kiswahili, juu ya kifua cha mume wake kama mtu anayeongea juu ya meza:

"Silali, mwanangu. Wifi anataka kumpeleka Ikungi na mimi nabisha, lakini nikwambie ukweli, kuna siku natamani wamchukue tu. Hata mwezi mmoja nilale. Na kuna siku naomba makubwa kuliko hayo, Mungu anisamehe."

 Dorkas alikamua kitambaa kwenye beseni, akamfunika mzee vizuri, na wakati wa kuondoka akamshika Damari mkono muda mrefu kuliko kawaida. Damari alijisikia mwepesi siku ile. Alikuwa ametoa lililomkaba, na alilitoa kwa lugha ambayo mgonjwa hakuwa nayo tena. Ilikuwa sawa na kulisema katika chumba kingine.

Baada ya Ijumaa ile Sixbert hakulitaja bega tena. Alipoulizwa ameamkaje, alisema vizuri, na Damari hakuwa na la kugeuza. Alipovutwa alifumba macho na kunyamaza. Damari alidhani bega limepona, akamshukuru Mungu.

Jumanne iliyobadilisha mambo, Dorkas hakuja peke yake. Alikuja na Ignas, kijana wa mazoezi ya viungo, Mhaya mrefu mwenye sauti ya chini, aliyekuwa anazungukia wagonjwa wa kiharusi majumbani. Na kwa bahati, nzuri au mbaya, Redempta naye alikuwepo. Alikuwa amekuja kuarifu kwamba gari limepatikana na ukoo umeafikiana, Jumamosi wanakuja kumchukua kaka yao. Hakuomba ruhusa. Wageni walipiga hodi kabla Damari hajamjibu.

Ignas alimwamkia mzee shikamoo, akavuta kigoda, akakaa. Hakumtazama Damari kabisa. Damari alipofungua mdomo kufasiri, Ignas aliinua kidole kwa adabu, kwamba asubiri kidogo, mama. Kisha akamwambia Sixbert kwa Kiswahili cha taratibu afumbe macho.

Sixbert akafumba macho.

Ignas akamwambia ayafumbue, ashike sikio lake kwa mkono mzima. Mkono wa kushoto ukapanda ukashika sikio. Akamwambia aonyeshe dirisha liko wapi. Akaonyesha. Akamuuliza kama Redempta ni mama yake, ndiyo anyanyue mkono, hapana auache. Mkono haukunyanyuka, na upande mzima wa uso wa Sixbert ukatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Redempta alicheka kwa furaha akapiga makofi. Ignas akawageukia na kueleza kwamba hutokea hivyo kwa mtu wa lugha mbili: moja inashindwa kutoka mdomoni, lakini masikioni inaingia kama zamani. Mzee alikuwa anaelewa kila kitu tangu mwanzo, alisema, ni vile tu wamezoea kumfasiria kabla hajapata nafasi ya kuonyesha.

Damari alishika ukuta. Kila mtu alidhani ni furaha.

Yakamrudia yote kwa mkupuo: mzee anakushukuru, anaomba sukari ipungue, mwanga unamsumbua. Sixbert aliyasikia yote. Alilala pale akisikia maneno yake yakiharibiwa mbele yake, na Jumanne iliyofuata akayasema tena, kwa mke wake yule yule, akimpa nafasi nyingine. Na lile la Ijumaa alilisikia pia, lote, pamoja na yale makubwa ambayo Mungu aliombwa asamehe.

Ignas alikuwa amefika kwenye bega. Aliligusa kidogo tu, na uso wa Sixbert ukakunjamana. Alilipapasa mbele na nyuma, akamtazama Dorkas. Kisha akasema bega limeshuka kutoka mahali pake, na halikushuka siku moja. Akamuuliza mzee kama linauma. Mkono ukanyanyuka. Linauma siku nyingi? Ukanyanyuka.

"Kuna mtu anakuvuta mkono huu akikugeuza?"

 Redempta alikuwa ameacha kutabasamu. Sixbert aligeuza macho akamtazama mke wake, na Damari akasubiri kuuona mkono ule ukipanda. Alitaka unyanyuke. Alitamani ashitakiwe yaishe.

Mkono ulibaki juu ya blanketi.

Ndipo Damari alipoelewa jambo ambalo lingepaswa kumfikia zamani. Kila Jumapili Redempta alikaa na kaka yake saa nzima, wanaongea Kinyaturu cha kuzaliwa nacho, hakuna mkalimani kati yao. Kama Sixbert alitaka kumsema, angemsema huko, na gari la Ikungi lingekuwa limeshakuja. Hakusema neno. Malalamiko yake alimkabidhi yeye peke yake, ayapeleke au ayazike.

"Ni mimi," Damari akasema. "Mimi ndiye ninayemvuta. Na aliniambia. Aliniambia niwaambie, nikawa nawaambia mengine."

Dorkas aliinamisha kichwa. Ignas, ambaye pengine alishaona nyumba nyingi, hakumlaumu. Alisema wengi huvuta, na kwamba bega litafungwa kitambaa na kufanyiwa mazoezi, litapungua maumivu ingawa huenda lisirudi kama lilivyokuwa. Upole huo Damari hakujua auweke wapi. Aliyemlaumu alikuwa Redempta, na alimlaumu kwa sauti ya chini, jambo baya zaidi. Alisema Jumamosi haina mjadala tena.

"Tumuulize mwenyewe," Ignas akasema. Akamwinamia mgonjwa. "Mzee, unataka kwenda Ikungi kwa dada yako?"

Mkono wa kushoto ukapanda, tena juu kuliko ulivyopanda kwa swali lolote, ukakaa huko juu.

Redempta alipumua akaona ameshinda. Dorkas aliona mgonjwa amechoka kuvutwa, na nani angemlaumu. Damari peke yake ndiye aliyejua mkono ule unajibu nini. Alipiga magoti kando ya kitanda na, kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie, akamsemesha mume wake kwa Kiswahili.

"Baba Winfrida, usiende. Yale yalikuwa maneno ya kuchoka."

Redempta aliuliza maneno gani.  Sixbert alimtazama mke wake, midomo ikahangaika, na Damari akaona anakitafuta Kiswahili, anakipigania kabisa, jasho linamtoka. Hakikuja. Akasema kwa Kinyaturu, pole pole, akimaliza neno moja ndipo aanze lingine.

"Anasemaje, mama?" Ignas akauliza.

Redempta angeweza kufasiri, lakini alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge. 

"Anasema anajua," Damari akasema. "Anasema hakunikasirikia. Lakini nimechoka, na yeye anakwenda ili nilale."

Hakupunguza wala hakuongeza.

Jumamosi gari lilikuja. Damari aliomba kupanda, Sixbert akatikisa kichwa. Alipoomba tena akafumba macho, kama alivyofumba kila asubuhi alipovutwa. Wakati wa kumbeba Damari aliwaonyesha vijana wa Ikungi mahali pa kushika, nyuma ya bega na nyuma ya nyonga, na akawaonyesha tena, na sauti yake ikawa kali hadi Redempta akamwambia wamesikia. Aliwafungia dawa, mafuta ya alizeti na karanga zilizosagwa. Gari likaondoka kuelekea barabara ya Dodoma.

Alirudi ndani akidhani ataomboleza. Alikuwa amejitayarisha kwa hilo, kwa kukaa sakafuni na kulia kama mfiwa, na aliona ni haki yake kulia hivyo. Akajinyoosha kwenye kitanda cha mgonjwa ili asikie tu godoro lilivyobonyea. Jua lilikuwa la asubuhi. Alipofumbua macho lilikuwa la asubuhi tena, la Jumapili, kengele za Misa ya pili zinapigwa, na kuku wamepekua nusu ya jikoni. Hakuota kitu. Mgongo haukumuuma. Kichwa kilikuwa chepesi na macho hayakuwa na moto, na alisikia njaa nzuri ya mtu mzima wa afya. Alikaa kitandani akiutazama mwili wake ulivyopona haraka hivyo, akauchukia.

Hakungoja mwezi. Hakungoja hata Jumatatu. Alimwachia jirani kuku, akaoga, akapanda gari la Ikungi, akashuka na kutembea kwa miguu hadi kwenye boma la akina Redempta. Njia nzima alifikiria aseme nini akiulizwa. Angeweza kusema hakupata usingizi, alilia hadi kukakucha. Mke yeyote angesema hivyo, na ingependeza kusikia.

Sixbert alikuwa amewekwa barazani, mito pande zote mbili, bega limefungwa vizuri kwa kitambaa. Watoto wa ukoo walikuwa wanapita pita mbele yake, na alikuwa anawatazama. Alipomwona mke wake hakushangaa. Redempta alileta kigoda, akarudi jikoni.

Sixbert akamuuliza mke wake kwa Kinyaturu neno moja tu, kama amelala.

"Nimelala," Damari akasema. "Nimelala sana."

Upande mmoja wa uso wa Sixbert ukafunguka kwa raha, raha ya dalali aliyefikisha bei aliyoitaka. Akamtafuta mkono kwa mkono wake mzima, akaupata, akaupiga piga kidogo. Damari aliinama akaitazama miguu yake yenye vumbi la njiani, na hakuweza kuinua macho hadi Redempta alipotoka na uji.